Kuchagua Transfoma ya Treni za Mfano: Anzia Relini, Malizia Ukutani

Transfoma ya treni za mfano huchaguliwa kwa kurudi nyuma. Mtu huanzia kwenye magurudumu ya kichwa cha treni, akajiuliza mota yake inahitaji umeme wa aina gani na kiasi gani, kisha akaufuata waya hadi kwenye soketi ya ukutani. Anayeanza kwa kutafuta sanduku lenye namba kubwa kuliko mengine ndiye anayejikuta na treni inayokwama mlimani, na taa zinazofifia kila njia inapobadilishwa. Au hujikuta na jambo baya kuliko hayo: sehemu ya chini ya kichwa cha treni iliyoyeyuka, kwa sababu shoti ilipitisha ampea nyingi na hakuna kitu kilichoikata. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya kurudi nyuma, na utakaa kwa muda mrefu zaidi pale ambapo makosa ni mengi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya chombo chenyewe. Transfoma ina koili mbili za waya zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Koili ya kwanza hupokea umeme wa nyumbani, ambao katika nchi nyingi ni volti 230 kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na Marekani ni volti 120 kwa mizunguko 60. Koili ya pili hutoa volti chache, kwa kawaida 16 au karibu na hapo. Koili hizo hazigusani. Kinachovuka kati yao ni nguvu ya sumaku peke yake. Utengano huo ndio unaomwezesha mtoto kushika reli kwa vidole viwili bila kudhurika, na una thamani kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye kibandiko. Katika miaka ya 1920 zilikuwapo treni za kuchezea zilizoendeshwa kwa umeme wa nyumbani uliopunguzwa kwa kupitishwa kwenye taa tu, bila koili ya kuutenga, na haishangazi kwamba utaratibu huo uliachwa.

Hatua ya kwanza: ijue aina ya umeme unaotakiwa relini

Mifumo inayotumika sana ni mitatu. Wa kwanza ni mfumo wa kawaida wa mkondo mnyoofu, ambapo reli mbili hubeba volti kuanzia 0 hadi takriban 12: kasi huongezwa kwa kupandisha volti, na mwelekeo hugeuzwa kwa kubadilisha upande chanya na upande hasi. Wa pili ni mfumo wa mkondo geu wenye njia tatu za umeme, uliozoeleka kwa treni za kampuni ya Märklin za ukubwa wa H0 (zilizopunguzwa mara 87), ambao una vinundu vidogo vya chuma katikati ya mataruma. Hapo treni huendeshwa kwa volti zinazofika 16, na mwelekeo hugeuzwa kwa mpigo mfupi wa takriban volti 24. Wa tatu ni mfumo wa kidijitali, na unaojulikana zaidi ni DCC, ambamo reli hubakia na volti zilezile wakati wote, huku dekoda iliyomo ndani ya kila kichwa cha treni ikipokea amri na kuamua ni umeme kiasi gani upelekwe kwenye mota.

Tofauti hizi si za kupuuzwa. Mota ya mkondo mnyoofu ikipewa mkondo geu hutetemeka mahali ilipo na kupata joto hadi iungue. Kadhalika, kichwa kisicho na dekoda kikiachwa kimesimama kwenye reli za kidijitali huvuma na kupata joto, na zile mota ndogo zisizo na kiini cha chuma zinaweza kuharibika kwa muda mfupi sana. Kidhibiti mwendo cha kawaida na kituo cha kidijitali, yaani sanduku linalotuma amri kwa dekoda, visiunganishwe kamwe kwenye reli moja, hata kwa dakika moja ya majaribio, na hata kama kuna swichi kati yao ambayo treni inaweza kuivuka ikiwa na gurudumu moja huku na jingine kule.

Hatua ya pili: volti kulingana na ukubwa wa treni

Hapa hapahitaji maneno mengi. Treni za ukubwa wa Z, zilizopunguzwa mara 220, zinatosheka na volti 8 hadi 10. Zile za N, zilizopunguzwa takriban mara 160, na za H0 zimetengenezwa kwa volti 12 au zaidi kidogo. Zile kubwa za bustanini, zinazopita kwenye reli zenye upana wa milimita 45, hutumia volti 18 hadi 24. Katika mfumo wa kidijitali volti za relini huwa takriban 12 kwa N, 14 hadi 16 kwa H0, na 18 hadi 22 kwa treni za bustanini. Kumbuka kwamba kituo cha kidijitali chenyewe hupoteza volti moja au mbili njiani, kwa hiyo chanzo cha umeme lazima kiwe juu kidogo ya volti unazozitaka relini. Volti 24 ndizo mpaka wa juu ambao sheria za Umoja wa Ulaya zinauruhusu kwa vifaa vya kuchezea vya umeme, na ni busara kuuheshimu popote ulipo.

Wengi siku hizi huuliza kama adapta ya kompyuta mpakato, ambayo mara nyingi hutoa volti 19, inafaa. Inafaa kwa baadhi ya vituo vya kidijitali vya H0 na vya bustanini, mradi maelezo ya kituo yaseme wazi kwamba kinapokea volti hizo. Kwa treni za N ni nyingi mno, isipokuwa kama kituo kina uwezo wa kuzishusha chenyewe. Na kama kituo kinataka mkondo geu peke yake, adapta hiyo, ambayo hutoa mkondo mnyoofu, haina nafasi hapo.

Hatua ya tatu: pima ampea, usikisie

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo iliyo moyo wa kazi yote. Volti huamua treni ikimbie kwa kasi gani. Ampea huamua kama itaweza kufanya hivyo ikiwa na mabehewa kumi nyuma yake huku njia inapanda.

Chukua mita yenye uwezo wa kupima ampea 10, iweke kwenye mkondo mnyoofu, na ukate waya mmoja kati ya kidhibiti na reli ili umeme upite ndani ya mita. Weka kichwa cha treni relini na ukiache kikimbie peke yake, kisha andika namba unayoisoma. Kifungie mabehewa yake ya kawaida, kipandishe kwenye mteremko mkali kuliko yote uliyonayo, uandike tena. Mwisho, kishike kwa vidole huku ukikikandamiza kidogo kuelekea relini mpaka magurudumu yaanze kuteleza papo hapo, usome mita kwa sekunde moja au mbili, kisha ukiachie. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kufanyia hesabu, kwa sababu ndiyo inayotokea treni inapoondoka na mzigo mzito au inapokwama kwenye kiungo kibovu cha reli. Kama magurudumu hayatelezi bali yanasimama kabisa, acha mara moja, kwani mota iliyosimama hali ina umeme huungua.

Kwa H0, kichwa cha kisasa kilichotunzwa vizuri hutumia kwa kawaida ampea 0.25 hadi 0.5 kikiwa kazini. Kile cha zamani chenye mota kubwa kinaweza kufika ampea 1 au kuipita. N hutumia chini ya hapo, mara nyingi ampea 0.1 hadi 0.3. Treni za bustanini zinakula: ampea 1 hadi 3 kwa kichwa kimoja si jambo la ajabu. Kichwa ambacho namba yake iko juu sana kuliko wenzake wa ukubwa uleule kwa kawaida hakihitaji transfoma kubwa zaidi. Kinahitaji kusafishwa, kutiwa tone la mafuta kwenye ekseli, na kuondolewa nywele na nyuzi zilizojizungusha kwenye giya. Nimewahi kuona namba ikishuka kutoka 0.8 hadi 0.35 baada ya kazi hiyo ya robo saa.

Usisahau vilaji vidogo. Taa ya LED ndani ya behewa hutumia milliampea 5 hadi 20, lakini balbu ya zamani yenye uzi hutumia 50 hadi 100, na mabehewa manane yenye balbu mbilimbili yanaweza kula zaidi ya kichwa kinachoyavuta. Kitoa moshi nacho kinaongeza milliampea 100 na zaidi.

Hatua ya nne: geuza ampea kuwa volti-ampea

Uwezo wa transfoma huandikwa kwa volti-ampea, yaani VA, ambazo ni volti zikizidishwa kwa ampea. Transfoma ya volti 16 yenye VA 48 inaweza kutoa ampea 3. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba VA 48 zinapatikana kwa kila tundu la kutolea umeme. Nyingi zina matundu mawili, moja la treni na jingine la vifaa vya pembeni, na VA zilizoandikwa ni za yote mawili kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa meza ya H0 ya kidijitali yenye vichwa vitatu vinavyokimbia kwa wakati mmoja, kila kimoja ampea 0.35, vingine viwili vimesimama vikitoa sauti tu kwa ampea 0.1 kila kimoja, na mabehewa kumi ya taa za LED yenye milliampea 20 kila moja. Vinavyokimbia ni 1.05, vya sauti 0.2, mabehewa 0.2, jumla ni ampea 1.45. Ongeza asilimia 30 kwa ajili ya kuanza kwa mzigo na uzee wa mota, tunapata karibu 1.9. Kwa chanzo cha volti 18 hizo ni takriban VA 34. Hivyo chanzo cha VA 45 hadi 60, pamoja na kituo cha ampea 2.5 au 3, kinatosha kabisa na kinaacha nafasi ya kukua.

Kwa nini usinunue cha ampea 10 ukapumzika? Kwa sababu ampea ambazo hazihitajiki hazikai bure, zinasubiri shoti. Gurudumu la chuma likiruka reli na kuziunganisha pande mbili, ampea 8 au 10 kwa volti 15 ni wati zaidi ya 100 zinazopita mahali padogo kuliko punje ya mchele, na plastiki ya magurudumu huyeyuka kabla hujafika kwenye swichi. Kwa H0 napendelea kila eneo la reli lisizidi ampea 5, na kwa N 3. Meza kubwa igawanywe katika maeneo kadhaa, kila eneo likiwa na busta yake (kifaa cha kuongeza nguvu ya kituo) au kikata shoti chake.

Katika mfumo wa kawaida hesabu ni nyepesi zaidi, kwani kila kidhibiti huendesha treni moja kwa wakati. Kidhibiti chenye uwezo wa ampea 1 hutosha kwa karibu kila kichwa cha H0 cha kisasa, na treni mbili zinataka vidhibiti viwili vyenye matundu yaliyotengana, si kimoja chenye nguvu maradufu.

Hatua ya tano: zitenganishe kazi

Mota za sumaku za kubadilishia njia ndizo zinazoyumbisha hesabu. Kila moja hutaka ampea 2 hadi 4 kwa kitambo kifupi sana, na ikiwa inachota kwenye chanzo kilekile kinachoendesha treni, kila ubadilishapo njia treni itashtuka na taa zitapepesa. Katika mfumo wa kidijitali kituo kinaweza kudhani ni shoti na kuzima kila kitu. Zipe transfoma yake ndogo ya volti 16, na kati ya transfoma na swichi weka kifaa chenye kapasita kubwa kinachojaza umeme polepole na kuuachia kwa mpigo mmoja. Kifaa hicho kina faida mbili: mpigo una nguvu hata kama transfoma ni dhaifu, na kitufe kikikwama koili haiungui, kwa kuwa baada ya mpigo hubaki umeme kidogo tu. Mota za mwendo wa taratibu, zile zinazosukuma njia kwa sekunde kadhaa, hutumia milliampea chache na hazina usumbufu huu.

Taa za nyumba na stesheni nazo zistahili chanzo chao. Nyumba 40 za LED kwa milliampea 10 ni ampea 0.4 tu, kwa volti 12 chini ya wati 5. Nyumba hizohizo zikiwa na balbu za milliampea 60 ni ampea 2.4, ambazo kwa volti 16 zinafika VA 38, yaani transfoma nzima ya ukubwa wa kati kwa ajili ya madirisha peke yake.

Hatua ya sita: soma kibandiko

Angalia upande wa kuingia kwanza. Transfoma ya volti 120 ikichomekwa kwenye volti 230 huungua mara moja. Ile iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 peke yake, ikitumika kwenye 50 kwa volti zilezile, hupata joto kupita kiasi kwa sababu kiini chake hushiba sumaku. Kisha tazama upande wa kutoka: alama ya wimbi ni mkondo geu, na mstari wenye vijistari vitatu chini yake ni mkondo mnyoofu. Mraba ndani ya mraba humaanisha kwamba kuna kinga maradufu dhidi ya umeme wa nyumbani. Nyumba ndogo iliyochorwa humaanisha itumike ndani tu. Kwa treni za bustanini, transfoma ibaki ndani ya nyumba na waya wa volti ndogo ndio utoke nje, na soketi yenyewe ilindwe na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Tafuta pia namba ya kiwango EN 61558 kwenye bidhaa zinazouzwa Ulaya, na uhakikishe kuna kinga ya shoti inayojirudisha yenyewe au fyuzi inayobadilishika. Kifaa kisicho na kibandiko kirudishwe kilikotoka.

Jambo la hatari kuliko yote

Usiunganishe matundu ya kutolea umeme ya transfoma mbili ili kupata nguvu zaidi. Volti zake huwa hazilingani sawasawa, hivyo moja huanza kuisukuma nyingine hata kabla treni haijawekwa. Na plagi moja ikigeuzwa kwenye soketi, mawimbi yao hupingana na zote mbili hupata joto kwa haraka. Hayo ni madogo. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ukiipa volti 16 upande wa kutoka, hutoa volti za nyumbani upande wa kuingia. Sasa fikiria transfoma mbili zilizounganishwa relini, na mtu anachomoa plagi ya moja huku nyingine ikiwa inafanya kazi. Vyuma vya plagi aliyoishika mkononi vina takriban volti 230, na plagi haijachomekwa popote. Hakuna dalili, hakuna sauti, na mwenye meza anaamini ameshazima. Ikiwa nguvu haitoshi, gawanya reli katika sehemu zilizokatwa kwa viungo vya plastiki pande zote mbili, na kila sehemu iwe na chanzo chake.

Transfoma iliyokwisha kutumika

Nyingi bado ni nzima, lakini zijaribiwe chini ya mzigo. Ya kwanza niliyoinunua ilionyesha volti 17 kwenye mita, nikaridhika. Nilipounganisha balbu ya gari ya volti 12 na wati 10, ambayo huchota takriban ampea 0.8, volti zilianguka hadi 8 na treni ikawa inatembea kama imechoka. Kupungua kiasi ni kawaida, kwa sababu transfoma isiyo na mzigo husoma juu ya namba yake. Kidhibiti cha volti 12 na ampea 1 kinachobaki karibu na 12 balbu ikiwa inawaka ni kizima. Kunja waya wa umeme wa nyumbani karibu na unapoingia kwenye sanduku: ukisikia mpasuko au ukaona nyufa, usiichomeke. Usifungue sanduku kujitengenezea. Transfoma kuukuu za mkondo geu zilizotengenezwa kwa volti 220 zina tatizo jingine: kwenye volti 230 mpigo wa kugeuza mwelekeo hupanda juu ya 24, na dekoda nyingi zimekufa kwa njia hiyo.

Mwisho, waya na sarafu

Transfoma nzuri huharibiwa na waya mwembamba. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, ukienda mita 5 na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.34, kwa ampea 3 unapoteza volti 1 nzima njiani. Waya wa 1.5 hupoteza theluthi ya hapo. Tandika waya mkuu wa 1.5 au 2.5 chini ya meza, na uteremshe nyaya fupi nyembamba kutoka kwenye reli kila baada ya mita moja au mbili, badala ya kutegemea viungo vya reli.

Kisha chukua sarafu na uilaze juu ya reli mbili mahali palipo mbali zaidi na transfoma. Katika mfumo wa kidijitali umeme ukatike papo hapo. Katika vidhibiti vya kawaida vyenye kikatio cha joto subiri sekunde chache. Rudia kila baada ya mita moja kuzunguka meza yote. Pale ambapo haukatiki, kosa kwa kawaida liko kwenye waya, na kubadilisha transfoma kabla ya kuurekebisha ni kuongeza hatari. Baada ya hapo endesha treni zote kwa nusu saa, uweke kiganja juu ya transfoma: uvuguvugu ni hali yake ya kawaida, lakini ikikulazimu kuondoa mkono, imeelemewa, na hesabu ya hatua ya nne inahitaji kurudiwa.